Sufuria moja, wali wa aina tatu: uchambuzi wa kisa cha Uyole

Chini palikuwa na ukoko mweusi uliong'ang'ania sufuria, mwiko ukashindwa kuubandua. Katikati wali ulikuwa bokoboko, umeshikana, ukiuchota unabaki na umbo la upawa. Juu punje zilikuwa ngumu, na ukiiminya moja kati ya kidole gumba na cha shahada unakuta kitone cheupe katikati ambacho hakipondeki. Yote hayo yalitoka kwenye sufuria moja, jiko moja na mpishi mmoja, mchana wa Jumapili ya mwezi Julai, Uyole, Mbeya, wakwe wametoka Kyela na wako sebuleni wanasubiri kula.

Wali mweupe una vitu vinne: mchele, maji, chumvi na mafuta kidogo. Kwa kuwa ni vinne tu, ukiharibika hakuna anayeuliza kilichotokea jikoni. Watu wanauliza mpishi kalelewa na nani. Nimeona mabinti wengi wakibebeshwa aibu hiyo na inaniuma, kwa sababu mara nyingi chanzo kipo na kinaweza kuonyeshwa kwa kikombe na saa ya ukutani. Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa kirefu, maana makosa yote matatu ya wali yalikutana kwenye chombo kimoja, na kila moja liliacha ushahidi mahali pake.

Mwenye kisa ni jirani yangu, dada wa miaka ishirini na kitu, mzaliwa wa Temeke, aliyehamia huku baada ya kuolewa. Kwao Dar alipikia mkaa. Hapa ana jiko la gesi la plate mbili. Kila siku anapika vikombe viwili vya mchele kwa vikombe vinne vya maji, na wali wake nimeula: unachambuka, hauna neno. Mchele wake wa kila siku ananunua soko la Mwanjelwa, aina ya SARO kutoka Mbarali, tena anapenda uliokaa ghalani kwa sababu unaongezeka.

Jumapili ile vitu kadhaa vilibadilika kwa mpigo. Wakwe walikuja na mchele wa shamba lao, umevunwa msimu huohuo na kukobolewa siku chache kabla ya safari. Watu walikuwa wengi, hivyo vikombe viwili vikawa sita. Sufuria yake ya kila siku haikutosha, akachukua ile kubwa ya alumini nyepesi, mfuniko wake umepinda upande mmoja. Kuhusu maji alifanya ambavyo karibu kila mtu angefanya. Kama viwili vinataka vinne, basi sita vinataka kumi na viwili. Akamimina vikombe kumi na viwili.

Alinieleza yaliyofuata kwa utaratibu mzuri, na mimi nikamwomba arudie mara ya pili ili nisikie mfuatano vizuri. Maji yalichemka, akatia mchele. Povu likapanda na kuinua mfuniko, akaufunua. Baada ya kama robo saa bado maji yalikuwa yamesimama juu ya mchele, akadhani moto ni mdogo, akauongeza. Maji yakatokota kwa nguvu zaidi lakini hayakupungua kwa kasi aliyoitaka. Mara akasikia harufu ya kuungua. Hapo akachota maji kwa upawa, akayamwaga, akapunguza moto, akafunika. Alifunua mara mbili tatu kutazama. Baada ya dakika kama kumi akapakua, kwa sababu baba mkwe alikuwa ameshanawa mikono.

Mezani kila mtu alikuwa na hukumu yake. Mume alisema gesi haipiki wali, wali ni mkaa. Wifi mmoja alisema mabinti wa Dar wamezoea chipsi. Baba mkwe alikula sehemu ya katikati bila kusema kitu. Mama mkwe ndiye pekee aliyeuliza swali, tena baadaye, wakiwa wawili jikoni wanaosha vyombo: "Mwanangu, haya maji uliyapimaje?"

Swali hilo lilikuwa sahihi kuliko hukumu zote za mezani. Lakini kabla ya maji tuuone mchele, kwa sababu huko ndiko watu huanzia wanapotafuta mchawi.

Kama mchele ungekuwa wa sokoni, jambo la kwanza ningeuliza kama umechanganywa. Jina la Kyela linauza, na si kila gunia linalobeba jina hilo limetoka Kyela. Mchele wa zamani ukichanganywa na mpya unakupa bokoboko na viini kwenye kijiko kimoja, kwa kuwa mmoja unaiva mwenzake bado anakunywa maji. Lakini dalili yake huonekana sufuria nzima, punje ngumu na laini zimelala pamoja. Hapa punje ngumu zilikuwa juu tu, na laini katikati tu. Isitoshe mchele ulikuwa wa shamba moja, umekobolewa kwa pamoja. Uchanganyaji tukautoa.

Upya wa mchele ni jambo jingine, huo ulihusika kweli. Mchele uliotoka kuvunwa wanga wake unatoka kwa urahisi kwenye maji na kunata. Ukikaa miezi, punje inakazana, inavumilia kuchemka bila kupasuka, na inakunywa maji mengi zaidi. Ndiyo maana wauza chakula wanapenda mchele wa zamani, unajaza sinia. Kwa upande wa harufu mambo ni kinyume: mpya unanukia kuliko ulivyowahi kunukia, na kila mwezi ghalani unapunguza. Kwa hiyo mchele ule wa wakwe ulikuwa katika siku zake bora za kunukia na wakati huohuo katika siku zake rahisi zaidi za kuharibika. Ungependa maji machache kuliko SARO ya mwaka jana. Ukapewa kipimo kilekile.

Basi tuje kwenye maji.

Maji tunayotia kwenye sufuria ya wali yanafanya kazi mbili tofauti, na kipimo cha "kimoja kwa viwili" kinazificha ndani ya namba moja. Kuna maji ambayo punje zinakunywa. Kuna maji yanayopotea kwa mvuke. Ya kwanza yanafuata wingi wa mchele: kikombe kimoja cha mchele kinakunywa takribani kikombe kimoja cha maji, pengine na robo yake kama mchele ni mkavu wa zamani. Ukiongeza mchele mara tatu, maji haya nayo yanaongezeka mara tatu. Ya pili hayajui kabisa umetia mchele kiasi gani. Yanafuata upana wa sufuria, ukali wa moto, mfuniko ulivyokaa, na muda. Sufuria ya vikombe sita haipotezi mvuke mara tatu ya sufuria ya vikombe viwili.

Tufanye hesabu ya dada huyu. Siku za kawaida, vikombe viwili vya SARO ya zamani vinakunywa viwili na nusu hivi. Kimoja na nusu kinaondoka na mvuke. Jumla vinne. Kipimo chake kilikuwa sahihi kabisa kwa jiko lake, sufuria yake na mchele wake. Jumapili, vikombe sita vya mchele mpya vilihitaji sita, tuseme sita na nusu. Kwa mvuke tumpe viwili kwa kuwa sufuria ilikuwa pana na mfuniko umepinda. Hiyo ni nane na nusu. Yeye alitia kumi na viwili. Vikombe vitatu na nusu, karibu lita moja nzima ya maji, havikuwa na kazi.

Lita hiyo moja ndiyo iliyozaa karibu kila kitu kilichofuata. Ndiyo iliyomfanya aone maji yamesimama. Ndiyo iliyomfanya aongeze moto, na moto ndio ulioanza kuunguza chini. Ndiyo iliyochemsha punje za katikati kupita kiasi mpaka zikapasuka. Na alipoichota hatimaye, aliichota kutoka juu, akaziacha punje za juu bila maji kabla hazijamaliza kuiva. Aliyeketi mezani aliona makosa matatu. Jikoni lilikuwa moja, lililosukuma mengine.

Mama mkwe alipojibiwa kwamba maji yalipimwa kwa kikombe, alisema yeye hapimi kwa kikombe, anapima kwa kidole. Wengi wetu tumelelewa hivyo: unasawazisha mchele ndani ya sufuria, unagusisha ncha ya kidole cha kati juu ya mchele, maji yafike pingili ya kwanza. Vijana wanaocheka njia hii wanaona kama ni kubahatisha. Kesho yake niliitwa, na nikaomba tupike tena sufuria ileile, jiko lilelile la gesi, mchele uleule vikombe sita, tubadilishe maji tu. Mama alitaka mkaa. Nikamsihi, nikamwambia mama, tukibadilisha vyote leo hatutajua kilichoponya ni kipi. Akakubali.

Dada alimimina maji kwa kikombe, mama ameweka kidole, mimi nahesabu. Maji yalifika pingili kwenye kikombe cha saba na kidogo juu yake, pungufu ya makadirio yetu ya nane na nusu, lakini mbali sana na kumi na viwili.

Hesabu ya vipimo vya sufuria inakubaliana na kidole hicho. Sufuria ile ina upana wa sentimita 26 hivi. Mchele ukikaa chini una mianya kati ya punje na punje, na kwa vikombe sita mianya hiyo inameza kama lita 0.6. Juu yake kuna tabaka la maji la urefu wa pingili, sentimita mbili na kidogo, ambalo kwa upana huo ni lita 1.2. Jumla lita 1.8, vikombe saba na kitu. Sasa chukua sufuria yake ndogo ya sentimita 20 yenye vikombe viwili: mianya lita 0.2, tabaka lita 0.7, jumla lita 0.9, yaani karibu vikombe vinne. Kidole kilekile kinampa vinne kwa viwili na saba kwa sita. Kinafanya hivyo kwa sababu tabaka la juu halikui mchele unapoongezeka, na mvuke nao hali kadhalika. Bibi zetu hawakuwa na haja ya kuieleza hesabu hii ili ifanye kazi.

Kidole kina mpaka wake lakini. Ukiweka vikombe viwili kwenye sufuria ile pana, kidole kitadai karibu vikombe sita vya maji, na hapo utakula uji. Kidole kinataka sufuria inayolingana na mchele, iliyojaa kwa kiasi cha kutosha mchele uwe na kina. Watu wanaolaumu kidole mara nyingi walipika kidogo ndani ya sufuria kubwa.

Upishi huo wa pili uliponya katikati. Wali ulichambuka, unang'aa, na harufu ya Kyela ikajaa nyumba. Chini bado paliungua, ingawa ukoko ulikuwa wa kahawia badala ya mweusi. Juu bado kulikuwa na punje zenye kitone. Kwa hiyo maji hayakuwa mhusika pekee.

Chanzo cha kuungua chini kilikuwa rahisi. Alumini nyepesi haina unene wa kusambaza joto, na jiko la gesi linatoa moto kwa duara. Tulipoukomba ukoko, alama zake kwenye kitako cha sufuria zilikuwa duara kamili, katikati pameungua kidogo tu. Mkaa ulioshika vizuri hautoi duara; unatandaza joto na kufifia wenyewe taratibu, ndiyo maana mtu aliyepikia mkaa miaka yote hajawahi kulazimika kufikiria kupunguza moto wakati maji yanapokauka. Mkaa unampunguzia. Gesi inakaa palepale ulipoiweka mpaka uizungushe mwenyewe.

Mume wake alikuwa karibu na ukweli hapo, ila aliukosea. Gesi inapika wali vizuri sana, lakini haijui kupika wali wa mkaa. Hili litawagusa wengi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Nyumba nyingi zinapokea mtungi na jiko bila mtu kuwaambia kwamba mapishi waliyorithi yalitungwa kwa moto unaofifia na makaa yanayopaliwa juu ya mfuniko. Ningependa kila anayegawa mitungi hiyo agawe na dakika tano za maelezo ya wali.

Dawa ya chini tuliyoitumia ilikuwa kikaango cha chuma cha chapati. Maji yakishakauka usawa wa mchele na matundu kuonekana, unahamishia sufuria kwenye plate ndogo, kikaango kikiwa katikati ya moto na sufuria, moto umepunguzwa mpaka mwisho. Chuma kinachukua duara la moto na kulifanya joto la kitako kizima. Mwenye sufuria nzito ya chini nene hahitaji kikaango.

Chanzo cha punje ngumu za juu ndicho kilinivuta zaidi, kwa sababu hapo Mbeya yenyewe inaingia kwenye kisa.

Jiji hili liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Uyole imepanda zaidi kidogo. Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa juu ya maji unapungua, nayo yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100. Hapa yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kyela, chini kule karibu na Ziwa Nyasa, ni kama 98. Dar ni 100. Iringa na Njombe wako upande wetu. Wali unaiva kwa nyuzi 94 bila shida, kwa sababu wanga wa mchele unaanza kulainika chini sana ya hapo, ila unakwenda polepole zaidi. Dakika 15 za pwani zinaweza kufika 18 au 20 huku. Maharage ndiyo yanayoonyesha tofauti hii waziwazi, kila mama wa Mbeya anajua yanavyokaa jikoni.

Kuna kosa linalofanyika hapa na nataka nilikazie. Mtu akiona chakula hakiivi, anaongeza moto. Lakini maji yanayotokota hayapati joto zaidi ya kiwango chake cha kuchemka. Ukiongeza moto unapata mvuke mwingi, si maji ya moto zaidi. Uyole maji yatabaki kwenye nyuzi zilezile 94, yatokote kwa upole au kwa fujo. Fujo inachofanya ni kuyamaliza kabla punje hazijaiva na kuunguza chini. Kinachohitajika juu ya mlima ni muda, na maji yasitoroke katika muda huo.

Ndipo mfuniko uliopinda unapoingia. Mwezi Julai jikoni huku asubuhi na jioni kuna baridi ya kuvaa sweta, na hata mchana chombo kinapoa haraka. Nilisimama nikautazama mfuniko ule wakati wa upishi wa pili: upande uliopinda ulikuwa unatoa mvuke mfululizo, kioo cha dirisha kimelowa chote, na kwenye wali upande uleule ndiko kulikokuwa na punje ngumu nyingi. Upande ambao mfuniko ulikaa vizuri ulikuwa na chache. Wali wa juu unaivishwa na mvuke peke yake, maji yameshashuka. Mvuke ukitoka nje, wali wa juu unabaki unakaushwa na hewa baridi.

Na hapa ndipo makaa ya juu yalipokuwa na maana. Mama mkwe alisema kwao ukishakausha maji unapalia, yaani unaweka makaa juu ya mfuniko, na unaacha. Makaa hayo yanafanya mfuniko uwe wa moto kuliko wali, mvuke hauna pa kugandia, na tabaka la juu linapata joto kutoka pande mbili. Dada alipohamia gesi alipoteza nusu hiyo ya jiko bila kujua. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna kitu cha kuweka badala yake.

Wengi wanaweka mfuko wa nailoni chini ya mfuniko. Unaziba kweli, na wali unaiva. Mimi siukubali. Nailoni ile haikutengenezwa kulala juu ya chakula cha moto kwa nusu saa, inalainika na nyingine ina rangi na maandishi yanayohamia kwenye wali. Kwenye nyumba ile jibu lilikuwa limekuja na mizigo: wakwe walileta ndizi, na ndizi zilifunikwa kwa majani ya mgomba. Jani moja tuliliosha, tukalipitisha juu ya moto mpaka likalegea na kung'aa ili lisipasuke, tukalitandika juu ya wali mpaka kwenye kingo za sufuria, kisha mfuniko, kisha kinu kidogo cha kitunguu saumu juu yake kama uzito. Mama alipoona alicheka kwa furaha, "Ndaga (asante), mwanangu, hivi ndivyo tulivyokuwa tunafanya." Mvuke wa dirishani ulikoma.

Upishi uliofanikiwa kabisa ulikwenda hivi. Mchele ulioshwa mpaka maji yakapoteza uweupe mwingi, ukalowekwa kama nusu saa ili maji yafike kwenye kiini kabla ya moto. Kwa mwinuko huu kuloweka kunaokoa dakika kadhaa. Ukachujwa, ukatiwa kwenye sufuria na maji ya moto kwa kipimo cha pingili, chumvi, mafuta vijiko viwili. Mchele uliolowekwa umeshakunywa sehemu yake, kwa hiyo kidole kinapimwa baada ya kuloweka, si kabla. Moto wa wastani, umefunikwa nusu ili povu lisimwagike, hapana kukoroga baada ya dakika ya kwanza, kwa sababu kukoroga mchele mpya ni kuutoa wanga. Matundu yalipoonekana, jani, mfuniko, kikaango cha chapati chini, moto mdogo kabisa, dakika 20 bila kufunua. Kisha gesi ikazimwa na sufuria ikaachwa imefungwa kanga nzito robo saa nyingine.

Hiyo robo saa ya mwisho watu huiona ya bure. Ndani yake unyevu wa chini unapanda na wa juu unatulia, punje zinakazana kidogo na kuacha kushikana. Ukipakua wali mpya mara tu unapozima moto, hata uliopikwa vizuri utaonekana bokoboko. Jumapili ile dada hakupewa robo saa hiyo. Wageni wakiwa wamenawa, nani angethubutu kuwaambia wasubiri? Nadhani wanaoketi mezani wana sehemu yao katika wali mbaya.

Swali linaloulizwa mara nyingi nikieleza kisa hiki ni kwa nini tusichemshe mchele kwa maji mengi na kuyamwaga, tumalize ubishi wa vipimo. Inawezekana, na kwa mchele wa kawaida mwinuko huu inasaidia, mradi uurudishe kwenye moto mdogo ukauke. Kwa mchele mpya wa Kyela ninaona ni hasara, maana harufu uliyoilipia inakwenda na maji kwenye sinki.

Anayetaka kujua jiko lake linapoteza maji kiasi gani anaweza kulipima bila kuharibu mchele. Tia vikombe vinne vya maji kwenye sufuria unayotumia, yachemshe, punguza moto kama unavyofanya kwa wali, funika, subiri dakika 20, kisha yamimine tena kwenye kikombe uone yamebaki mangapi. Sufuria ya dada, na mfuniko wake uliopinda, ilikuwa imepoteza zaidi ya kikombe kimoja na nusu. Ukiwa na namba yako, kipimo chako ni mchele kikombe kwa kikombe, ongeza kidogo kama ni wa zamani, halafu namba hiyo ya mvuke mara moja tu, upike viwili au sita.

Neno moja kuhusu kilichobaki siku ile. Bokoboko halikutupwa, liliongezwa maziwa na sukari likawa uji wa watoto jioni, lakini lilikuwa limeshinda juu ya jiko tangu mchana. Baridi ya Mbeya inadanganya. Wali una vijidudu ambavyo mbegu zake zinastahimili kuchemka, zinaamka wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, na sumu yake haiondolewi kwa kupasha moto. Wali wa kiporo uenee kwenye chombo kipana upoe upesi, uingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Asiye na friji apike wa kutosha mlo mmoja.

Sasa dada huyu anajiandaa na sherehe ya ubarikio (kipaimara) ya mdogo wa mume wake, mwezi Desemba, na ameniuliza kuhusu kilo 10. Kilo 10 ni vikombe 50 hivi. Kwa kipimo cha kimoja kwa viwili angetia lita 25 za maji. Kwa hesabu yetu mchele utakunywa kama lita 13 hadi 15, kwa kuwa Desemba ule wa wakwe utakuwa umeshakaa miezi sita na kukauka kiasi, na mvuke wa sufuria kubwa kwenye kuni tumpe lita mbili au tatu. Lita 17 ndipo ningeanzia. Isitoshe, kina cha sufuria moja kubwa chenyewe ni tatizo, wali wa chini unalemewa na uzito wa ule wa juu, kwa hiyo nimemwambia agawe katika sufuria mbili za kilo tano tano, kila moja apime maji yake, maji mengine ya moto yawe tayari kwenye birika kama juu patakauka. Majani ya mgomba yataagizwa Tukuyu. Na kwa kuwa siku hiyo moto utakuwa wa kuni, nje, makaa ya kupalia yatakuwepo.